Mwandishi Aliyevaa Tai Nyumbani Kwake

Hotuba niliyoitoa mbele ya kikundi chetu cha wasomaji jijini Dar es Salaam, baada ya kuitazama pamoja filamu ya Starting Out in the Evening. Hapa nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Wazee wetu mlioketi huku mbele, shikamooni. Wenzangu wa rika langu, hamjambo. Nanyi vijana mliokosa viti mkasimama ukutani karibu saa mbili nzima, poleni na ahsanteni.

Filamu hii nimekaa nayo moyoni miaka mingi. Yapo mambo ndani yake ambayo nilitaka kuyasema mbele ya watu wanaopenda vitabu, na leo nimeipata nafasi hiyo.

Tuanze na tai. Mmeiona? Mzee Leonard Schiller ana umri wa miaka sabini na kitu, mkewe amekwisha kufariki, moyo wake umeshafanyiwa upasuaji, anaishi peke yake jijini New York kwenye nyumba iliyojaa vitabu hadi ukutani. Hana ofisi ya kwenda. Hana mgeni anayemtarajia. Lakini anapokwenda kuketi mbele ya mashine yake ya taipu amevaa shati, amefunga tai, na koti juu. Mtu huyo hafungi tai ili aonekane, kwa sababu hakuna wa kumwona. Anafunga tai kwa kuwa anakwenda kazini, na kazi yenyewe anaiheshimu. Kisha tunasikia herufi mbili tatu zikigonga karatasi, halafu kimya, kimya kirefu. Riwaya hiyo ameishughulikia kwa miaka kumi na bado haijaisha.

Nilipoiona tai ile kwa mara ya kwanza nilisimamisha filamu, nikakaa kidogo. Ilinikumbusha mzee mmoja wa hapahapa mjini. Nitamrudia.

Wale mliochelewa kuingia, nielezee kwa ufupi. Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la filamu la Sundance, Marekani, Januari 2007. Mwongozaji ni Andrew Wagner, na imetokana na riwaya ya Brian Morton ya mwaka 1998, yenye jina hilohilo. Mimi jina hilo hulisoma hivi: kuanza safari jioni. Ilipigwa kwa siku 18 tu, na nadhani ndiyo maana imekaa zaidi vyumbani na kwenye nyuso za watu. Leonard ameigizwa na Frank Langella. Wazee wenzangu mtamkumbuka kama yule Dracula wa 1979, na mwaka huo huo wa 2007 alipata tuzo ya Tony, ile ya michezo ya jukwaani, kwa kumwigiza Rais Nixon huko New York. Mtu aliyezoea kuigiza wenye vishindo, hapa amekubali kunyamaza. Tazameni anavyokishika kikombe cha chai. Tazameni anavyoinuka kitini, mkono kwanza, kisha goti, kisha mwili wote.

Leonard ni mtu wa kubuniwa, lakini ukoo wake ni wa kweli, na bila kuujua ukoo huo filamu inakuwa hadithi ya mzee na msichana tu.

Katika miaka ya 1930 New York ilikuwa na vijana, wengi wao watoto wa Wayahudi waliohamia kutoka Ulaya Mashariki, waliolelewa kwenye vyumba vya kubanana vya Brooklyn na Bronx. Mmoja wao ni Alfred Kazin, aliyekuja kuwa mhakiki wa fasihi: baba yake alikuwa mpaka rangi za nyumba, mama yake alishona magauni. Vijana hao walisoma City College, chuo cha jiji ambacho hakikutoza ada. Pale kwenye ukumbi wa chakula kulikuwa na vijichumba vya pembeni, na kila kundi la siasa lilikuwa na kijichumba chake. Wafuasi wa Stalin walikaa namba 2, wapinzani wao wa mrengo huohuo wa kushoto walikaa namba 1, na humo namba 1 ndimo alimokaa Irving Howe, naye baadaye mhakiki, wakibishana mchana kutwa. Kazin naye alikwenda maktaba kuu ya jiji, akakaa katika chumba cha kusomea namba 315 mwaka baada ya mwaka, akisoma riwaya za Kimarekani kana kwamba kesho atahojiwa juu ya kila moja. Mwaka 1942, akiwa na umri wa miaka 27, alitoa kitabu chake juu ya fasihi ya nchi hiyo, na mtoto wa mpaka rangi akawa anawaeleza Wamarekani fasihi yao wenyewe.

Walikuwa na majarida yao. Kubwa kwa heshima lilikuwa Partisan Review, lililoanza 1934. Wasomaji wake hawakuwa wengi, lakini hadithi ikitoka humo, au tahakiki ya kurasa kumi, watu wa mji ule wenye kujali vitabu waliisoma na kesho yake wakagombana juu yake. Msione ni jambo geni kwetu. Gazeti la Mambo Leo lilianza 1923, na kwenye kurasa zake za mashairi watu walijibizana toleo baada ya toleo, mmoja anatoa hoja kwa vina, mwingine yuko mji wa mbali anamjibu kwa vina hivyohivyo, bila kuonana uso kwa uso. Baraza ya aina hiyo ndiyo iliyomlea mtu kama Leonard. Aliandika akijua nani atamsoma na nani atamkosoa, na akikosolewa, akosolewe na mtu aliyesoma hadi ukurasa wa mwisho.

Baraza hiyo ilivunjika polepole. Howe alifariki 1993. Kazin alifariki Juni 1998, mwaka uleule riwaya ya Morton ilipotoka. Partisan Review lilifungwa 2003. Morton mwenyewe alikuwa mhariri katika jarida la Dissent, ambalo Howe na wenzake walilianzisha 1954, kwa hiyo aliyaandika haya akiwa amekaa katikati ya wazee wenyewe. Kwa hiyo Leonard tunayemwona 2007 anasubiri majibu kutoka kwenye baraza ambayo wenzake wameshaondoka, mmoja baada ya mwingine, na viti havijajazwa.

Nawaomba pia muiangalie nyumba ile kwa jicho la mpangaji. Iko Upper West Side, kati ya bustani ya Central Park na mto Hudson. Mtaa huo ulijaa waandishi, walimu na wanamuziki kwa sababu moja isiyo ya kishairi hata kidogo: sheria za kudhibiti kodi za nyumba. Udhibiti ulianza wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1943, na 1969 ukaongezwa mwingine. Mtu aliyeingia kwenye nyumba yake akiwa kijana aliweza kuzeekea humo kwa kodi aliyoimudu. Mnaona? Fasihi ya mji mkubwa inahitaji akili, ndiyo, lakini inahitaji pia chumba ambacho mtu anaweza kukilipia huku akiandika kitabu kisicholeta fedha kwa miaka kumi. Ninyi vijana mnaohama kila kodi ya miezi sita inapoisha, mkibeba vitabu kwenye viroba, mnalijua hili kuliko mimi.

Sasa tufike kwa Heather.

Heather Wolfe ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Brown, anaandika tasnifu ya shahada ya uzamili juu ya Leonard. Riwaya zake nne hazipatikani tena madukani. Msichana anamwambia kwamba atamrudisha kwenye macho ya watu. Leonard anakataa kwanza, ana kitabu cha kumaliza na hajui amebakiwa na muda gani. Kisha anakubali. Nani angekataa mpaka mwisho? Jamani, mtu amekaa miaka bila kuulizwa swali hata moja juu ya kazi ya maisha yake, halafu anatokea mtu anayeijua sentensi kwa sentensi.

Tukio la asali najua litazungumzwa sana tukitoka hapa, msichana anachovya kidole na kumpaka mzee usoni. Wapo watakaosema ni mapenzi, wapo watakaosema ni dharau. Mimi naona ni mtu anayeonja mali yake. Tangu alipovisoma vitabu vile, Heather alimfanya Leonard kuwa wake, na sasa amekuja kuichukua amana yake. Heather anazipenda riwaya mbili za mwanzo, zile za mapenzi na watu wanaothubutu kuwa huru. Mbili za mwisho, ambamo Leonard aligeuka kuitazama jamii na siasa, hazimgusi. Anataka kujua nini kiliharibika. Anachimba ndoa yake, anachimba kifo cha mkewe, kana kwamba mtu akibadilika lazima pawepo na jeraha la kumweleza.

Haimjii kwamba pengine hakuna kilichoharibika. Pengine mtu alikuwa amesema aliyokuwa nayo juu ya mapenzi, akataka kusema jingine.

Simchukii Heather, nawaomba nanyi msimchukie. Lauren Ambrose amemwigiza bila kumpaka ubaya, na tusisahau kwamba yeye ndiye aliyepanda ngazi na kubisha hodi. Wengine wote hawakubisha. Lakini hilo ndilo lililonileta mbele yenu leo: msomaji ana nguvu kubwa juu ya mwandishi mzee, kubwa kuliko tunavyodhani, na nguvu hiyo inaweza kumnyanyua mtu na kumfungia palepale alipokuwa miaka arobaini iliyopita.

New York ina kisa cha kweli cha namna hii. Henry Roth alikulia kwenye mitaa ya wahamiaji ya New York, na mwaka 1934 alitoa riwaya moja, Call It Sleep, juu ya mtoto mdogo wa wahamiaji katika mtaa wa Lower East Side. Ilisifiwa kidogo, kisha ikapotea. Roth akahamia jimbo la Maine. Akafanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akafuga bata na mabata bukini, akawachinja na kuwanyonyoa kwa ajili ya kuuza. Miaka thelathini ikapita hivyo. Mwaka 1964 riwaya ile ikachapwa upya kwa jalada laini, na Irving Howe, yuleyule wa kijichumba namba 1, akaiandikia tahakiki kwenye ukurasa wa mbele wa gazeti la vitabu la New York Times. Nakala zikauzwa zaidi ya milioni moja. Mfuga bata akawa mtu maarufu.

Halafu watu wakakaa kumsubiri awape nyingine kama ile. Haikuja. Miaka thelathini mingine ikapita. Kitabu cha kwanza cha mfululizo wake mpya kilitoka 1994, Roth akiwa na miaka 88, miaka 60 kamili baada ya riwaya yake ya kwanza, na mwaka uliofuata akafariki. Kazi hizo za uzeeni ni nzito, zina maungamo machungu, hazina ule wimbo wa mtoto wa 1934. Wapo wasomaji waliosikitika. Mimi nikiwaza yule mzee, mikono imemvimba kwa ugonjwa wa viungo, anaandika kitu tofauti kabisa na kile kilichompa jina, nashindwa kusikitika. Alikuwa anafanya kazi yake.

Ariel, binti yake Leonard, nitampita haraka, ingawa Lili Taylor amemwigiza vizuri mno kiasi kwamba anastahili jioni yake peke yake. Alikuwa mchezaji wa dansi, sasa anafundisha mazoezi ya viungo, anakaribia miaka arobaini na anataka mtoto. Anayempenda ni Casey, na Casey hataki mtoto, na baba hampendi Casey. Nilichokiona ni hiki: kwenye karatasi Leonard anaweza kuwangojea watu wa kubuni miaka kumi wafanye jambo lolote watakalo, lakini binti yake mwenyewe hampi hata juma moja la kukosea kwa namna yake. Wake na watoto wa waandishi mliomo humu ndani mnajua ninachosema.

Basi nimrudie mzee wangu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa msoma prufu katika kampuni moja ya uchapishaji hapa mjini. Kalamu nyekundu, rula, na rundo la karatasi. Tulichapa vitabu vya kiada, kwa sababu vya kiada ndivyo vilivyonunuliwa. Riwaya zilikaa kabatini zikisubiri mwaka mzuri. Mzee mmoja alikuwa akija Alhamisi. Alikuwa ameandika riwaya katika miaka ya sabini, na mimi niliisoma nikiwa shuleni, chini ya dawati, wakati wa somo la hesabu. Sikuwahi kusoma Kiswahili kama kile. Kulikuwa na sura moja ya mwanamke anayechota maji kisimani usiku huku akimsikiliza mumewe akikohoa ndani ya nyumba, na mpaka leo nikisikia mtu akikohoa usiku namkumbuka mama yule.

Alikuja kuulizia mrabaha wake na kama kitabu kitarudiwa kuchapwa. Alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi ya mkaa, mkunjo wa mkono umesimama kama wembe, kofia ya kiua kichwani, viatu vimepakwa rangi ingawa soli ilikuwa imeachia upande mmoja. Alipanda daladala mbili kufika pale. Wahasibu walimwambia arudi juma lijalo. Naye alishukuru, akatoka.

Siku moja nilimfuata ukumbini. Nilimwambia kwamba nilikisoma kitabu chake, nikamtajia sura ya kisima. Mngeuona uso wake! Alinishika mkono, akanivuta kwenye benchi, akaniuliza nilisoma wapi, mwaka gani, mwalimu gani alinipa. Tangu hapo kila Alhamisi akifika alipita mezani kwangu kwanza. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilijiona nimemfufua mtu.

Alhamisi moja alikuja na mfuko wa rambo. Ndani mlikuwa na mswada uliofungwa kwa kamba ya katani, umepigwa taipu, na chini ya kila ukurasa nakala yake ya kaboni. Riwaya mpya. Aliniambia ni juu ya karani wa bandarini aliyestaafu, anayehesabu meli zinazoingia ingawa hakuna tena anayemwomba hesabu hiyo. Nilimsikiliza. Kisha nikamwambia, na nakumbuka nilisema kwa upendo kabisa, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi: "Mzee, lakini kwa nini usituandikie kingine kama kile cha kwanza? Kama yule mama wa kisimani?"

Aliniangalia kwa muda. Hakukasirika. Akasema, "Mwanangu, kile nilikwisha kukiandika."

Juzi kati, kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa juu ya turubai kule Posta, niliikuta ile riwaya yake ya kwanza. Ina muhuri wa maktaba ya shule, jalada limeshikiliwa kwa gundi ya karatasi, na kwenye sura ya kisima mtoto fulani amepigia mstari maneno yote asiyoyajua. Niko tayari kumwazima yeyote kati yenu, akinirudishia. Riwaya ya karani wa bandarini hamtaikuta kule, kwa sababu haikuchapwa. Nilisikia kwamba mwenyewe alifariki miaka michache baadaye, na walioihamisha nyumba yake hawakujua karatasi zile ni za nini.

Mmeona mwisho wa filamu. Leonard amepata kiharusi, ulimi umekuwa mzito, mkono hautii kama zamani. Heather ameshapata alichokitaka na amekwenda zake. Halafu tunamwona mzee amerudi kwenye meza yake, mbele ya mashine ileile. Hatuambiwi anaandika nini, wala kama ataumaliza.

Mimi mswada wa mzee wangu niliushika siku ile. Aliniachia mkononi wakati anavaa kofia yake vizuri. Niliupima unene wake kwa kidole gumba, kama tulivyozoea kufanya ofisini, nikakadiria kurasa mia tatu hivi, kisha nikaurudisha ndani ya mfuko wa rambo bila kuifungua kamba, nikamsindikiza hadi mlangoni.